Watani Mbele ya Lori la Mansukhlal

Wiki iliyopita tulimwacha Mwasiti amesimama katikati ya barabara ya Mwamitilwa, mikono kaitanua kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani, na lori la Mansukhlal mwenye duka linamjia. Turudi upesi, kabla halijamfikia.

Breki zilipiga yowe. Lori liliserereka juu ya changarawe, likatikisika, likasimama. Kati ya pua ya lori na pua ya Mwasiti ilibaki nafasi ya kupita kuku, tena kuku aliyekonda.

"Binti!" Mansukhlal alichomoa kichwa dirishani, kilemba kimemwangukia jicho moja. "Ukitaka kufa, tafuta lori la mtu mwingine! Hili nimelipaka rangi juzi!"

Mwasiti alitaka kujibu. Sauti ikagoma.

Ndivyo alivyokuwa. Mwandishi huyu wa Chama cha Kutetea Raia alikuwa na mwandiko mzuri kuliko watu wote wa Mwamitilwa, na sauti ndogo kuliko wote. Dukani alinunua chumvi kwa kuinyooshea kidole. Kwenye mikutano ya Chama, iliyofanyika baina ya cherahani na marobota ya nguo, aliandika maneno ya wenzake yote na ya kwake akayameza.

Lakini asubuhi hiyo kifuani mwake, chini ya kanga, palikuwa na barua ya kurasa kumi na moja.

Na nyuma ya lori, chini ya turubai, alikuwamo mfungwa amejifunika blanketi gubigubi. Kila mtu alijua ni Masele, mchimbaji wa dhahabu. Kosa lake ni kwamba alijua kusoma. Aliwasomea wenzake mgodini kanuni ya Serikali isemayo kuwa nyapara hana ruhusa ya kushikilia kipande, kadi ya kazi ya mfanyakazi, ili asiondoke. Siku tatu baadaye kampuni ya mgodi ikaandika kwamba Masele ni mzururaji, hana kazi wala kwao. Amri ikatoka: apelekwe stesheni ya Shinyanga, apandishwe treni, asionekane tena nchi hii. Hakuna aliyemuuliza hata neno moja.

Barua ya Chama ilisema kwamba kazi anayo, kwao ni hapa, mke anaye, na asihukumiwe kabla hajasikilizwa. Ila barua hiyo ingekuwa na nguvu kwa sharti moja tu: Bwana Shauri mwenyewe, ofisa mkuu wa boma, aipokee na kuitia sahihi kabla mfungwa hajaondoka. Na Bwana Shauri alikuwa porini, akikagua watu wanaofyeka vichaka vya mbung'o. Angerudi saa sita.

Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

Mlango wa lori ulifunguliwa. Akashuka Sajini Abdu, mkuu wa askari wa boma, Mzaramo wa Kisarawe mwenye kitambi cha heshima na kicheko kinachotangulia kitambi. Leo kicheko hakikuwapo.

"Shikamoo, Sajini," alisema Mwasiti.

"Marahaba. Toka barabarani."

"Si... sitoki."

"Unasemaje?"

"Nasema sitoki. Shikamoo."

"Mfunge!" Sauti ilitoka ndani ya lori. Ilikuwa ya Sabiti, nyapara mkuu wa kampuni, amevaa kofia ya kizungu iliyomshinda meneja wake kuvaa. "Amezuia kazi ya Serikali! Na mwenyekiti wenu yuko wapi, yule fundi Zamoyoni mwenye maneno marefu kuliko futi yake? Mbona hayupo? Duka lake limefungwa tangu alfajiri. Amekimbia!"

Maneno hayo yalimchoma Mwasiti kuliko kitisho cha jela, kwa sababu yalielekea kuwa kweli. Alibisha hodi kwa fundi Zamoyoni mara tatu asubuhi ile. Kimya. Mwenyekiti aliyemwambia jana, "Mwanangu, mtetezi hakimbii," hakujulikana alipo.

Sajini alimshika mkono. Hakuwa mtu mbaya, Sajini Abdu. Alimshika taratibu, kama mtu anayemtoa kifaranga kwenye maji. Lakini alimshika.

"Abdu! Mla kaa we! Mwachie mtoto wa watu!"

Watu wote waligeuka. Kutoka upande wa soko alikuja mwanamke mrefu, kibuyu cha maziwa kichwani, anatembea kama mwenye nchi. Alikuwa Mbuke, mke wa Masele.

Na hapo, ndugu msomaji, uso wa Sajini ulifanya jambo la ajabu. Ulitaka kukasirika, ukacheka.

"Karibu, mla michembe," alisema. "Viazi vikavu vimekwisha nyumbani, umekuja kuomba?"

"Nimekuja kumwona mume wangu."

"Haiwezekani. Amri."

Mbuke aliweka kibuyu chini. Alikwenda nyuma ya lori, akaita kwa Kisukuma, akaita kwa Kiswahili. Blanketi lilijikunyata, likageukia upande wa pili. Halikujibu.

"Hata mimi hajanijibu tangu asubuhi," alisema Sajini, sauti imepungua. "Katoka mahabusu kajifunika hivyohivyo, kapanda lori mwenyewe, mpole kama kondoo. Mwache, mtani. Mwanamume akiwa na aibu hupenda blanketi."

Mtani! Neno lile lilimwingia Mwasiti kichwani kama kijiti cha kiberiti.

Alikumbuka msiba wa baba yake Mbuke, miezi miwili nyuma. Kaburi limekwisha chimbwa, jeneza liko mabegani mwa watu, Sajini Abdu akaruka ndani ya kaburi na sare zake, akalala chali, akakunja mikono. "Hazikwi mtu humu! Nyumba yangu hii! Mnikomboe!" Waombolezaji walicheka huku wanalia. Ndiyo haki ya mtani, na Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara. Hakutoka mpaka alipopewa beberu mwekundu. Na hakuna aliyekasirika, kwa maana anayemkasirikia mtani wake huchekwa na ukoo mzima, tena hadi wajukuu.

Mwasiti alimsogelea Mbuke, akamnong'oneza sikioni. Maneno yalikuwa machache, kwani maneno yake daima yalikuwa machache.

Mbuke alisikiliza. Kisha tabasamu likaanza pembeni mwa mdomo wake, likasambaa taratibu.

Alikwenda mbele ya lori. Akafunga kanga vizuri kiunoni. Akalala chali barabarani, mbele ya gurudumu, akakunja mikono kifuani.

"Haipiti gari hapa," alisema. "Nyumba yangu hii. Unikomboe!"

Soko lote likaangua kicheko.

"Mbuke! Inuka!" Sajini alishika kichwa. "Mimi nipo kazini!"

"Na mimi siku ile nilikuwa msibani."

"Yale ni ya kaburi! Hii ni barabara!"

"Kaburi ni shimo na barabara ni ardhi. Baba yangu kapita huko, mume wangu anapitishwa hapa. Beberu wangu yuko wapi, mla kaa?"

Wanawake wawili wa Kisukuma waliokuwa wanapeleka mpunga sokoni walitua mizigo. "Mayu, mama, unalala peke yako?" waliuliza. Wakajilaza kulia na kushoto kwake. Akaja wa tatu, akaja wa nne. Mmoja alileta na mkeka, akasema hana sababu ya kuchafua nguo kwa ajili ya Mzaramo.

"Watoeni!" Sabiti aliruka chini, kofia ikamziba macho. "Wavuteni miguu!" Akamwinamia Mbuke na kumshika kifundo cha mguu.

"We!" Sajini alinguruma, na safari hii hakuwa anacheka. "Wewe una utani na nani hapa? Huyo ni mtani wangu. Akiburutwa, nitamburuta mimi. Weka mguu wa watu chini!"

Sabiti aliuweka chini.

Ndipo majadiliano yakaanza. Sajini alitoa chupa ya tumbaku, Mbuke akaikataa. Alitoa ahadi ya kanga, wakamcheka. Aliapa kwamba beberu amekwisha liwa, mwanamke wa mkeka akamwambia, "Jana nilimwona kafungwa nyuma ya nyumba yako, anakula mbaazi za jirani." Mansukhlal alizima injini.

"Mimi siwezi kuchoma petroli kwa sababu ya mbuzi," alisema, akajipepea na daftari. "Mke wangu Gangaben ataniuliza petroli imekwenda wapi. Nitamwambia nini? Ilikwenda kwenye utani?"

Jua lilipanda. Mwasiti alitazama kivuli cha lori kinavyofupika, akashukuru kimoyomoyo kila neno la ubishi.

Mwishowe Sajini alipumua kama mfuko uliotobolewa. Akatuma mtu nyumbani kwake. Baada ya kitambo akaja mkewe, Chausiku, amekunja uso, anamvuta beberu mwekundu kwa kamba.

"Huyu tulimweka kwa ajili ya sikukuu ya Idi," alisema Chausiku.

"Mpe," alisema Sajini bila kumtazama beberu usoni.

Kamba ilitiwa mkononi mwa Mbuke. Na hapo mambo yakageuka. Kwa maana utani una sheria zake pande zote mbili: aliyekombolewa hana budi kuinuka. Mbuke aliinuka. Wanawake wakainuka. Mkeka ukakunjwa. Mbuke alisimama na beberu mkononi, amepata haki yake na amemkosa mume wake, macho yamemjaa maji.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

"Haya! Twende!" alipiga kelele Sabiti. Mansukhlal akawasha injini.

Mwasiti hakufikiri. Angefikiri, angekimbia nyumbani. Alilala chini.

Changarawe ilikuwa ya moto. Mbingu ilikuwa kubwa mno. Watu wote wa Mwamitilwa walikuwa wanamtazama, na hilo ndilo jambo aliloliogopa kuliko chui.

"Nyumba yangu hii," alisema. Hakuna aliyesikia. Akavuta pumzi. "Nyumba yangu hii! Unikomboe!"

Sajini alipanguza jasho. "Hapana, binti. Hapo umekosea. Baba yako ni mtu wa Bagamoyo, mimi ni wa Kisarawe. Sisi ni watu wa pwani, ni ndugu. Huna utani nami. Inuka, au kweli nitakufunga."

Umati ulinung'unika. Wengine walisema kabila ni la baba. Wengine walisema mama naye hakuokota mtoto njiani.

"Mama yangu ni Msukuma," alisema Mwasiti kutoka pale chini.

"Tunahesabu kwa baba!"

"Wewe hukuhesabu kwa baba siku ya msiba."

"Siku ipi?"

"Siku ile ya beberu." Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa inatembea. "Ulipotoka kaburini ulinikuta nimebeba maji. Ulininyang'anya kanga yangu mpya, ya maua ya mkorosho. Nikalia. Ukasema, 'Hanuni mtani.' Mbele ya watu wote. Kama mimi ni ndugu yako, Sajini, ule ulikuwa wizi. Kama ulikuwa utani, basi mimi ni mtani wako. Chagua."

"Kanga gani?" alisema Sajini. "Sikumbuki kanga yoyote. Ushahidi uko wapi?"

Mwasiti aliinua kidole, kama anavyonunua chumvi.

Watu walifuata kidole kile. Kilimwonyesha Chausiku, mke wa Sajini, aliyekuwa amejitanda kanga nzuri ya maua ya mkorosho.

"Abdu," alisema Chausiku polepole, "uliniambia umeninunulia Kahama."

Sijui niwaeleze vipi kicheko kilichofuata. Mansukhlal alilazimika kushikilia usukani. Mzee mmoja alikaa chini. Hata beberu alilia.

Sajini Abdu alivua kofia, akajipangusa kipara, akakubali. "Haya, mtani. Haya! Unataka nini? Mbuzi sina tena. Na kwa jinsi mke wangu anavyonitazama, hata chakula cha jioni sina."

"Sitaki mbuzi. Nataka masikio."

"Yangu?"

"Nina barua ya Masele. Nikusomee, wewe ukae usikilize mpaka mwisho. Ikiisha, nitainuka."

Uso wa Sajini ulichanua. "Barua tu! Mbona rahisi! Leteni kitu nikalie." Akaletewa debe, akakaa, akakunja mikono. "Soma upesi."

Maskini, hakujua kurasa ni ngapi. Wala hakujua mwandiko ulikuwa wa Mwasiti, lakini maneno yalikuwa ya fundi Zamoyoni.

Mwasiti alikaa kitako palepale mbele ya gurudumu, akafungua karatasi.

"'Kwa Mheshimiwa Bwana Shauri,'" alianza, "'mwenye cheo kirefu kama mwanzi na kivuli kipana kama mkuyu. Sisi raia tusio na viatu, lakini tusiokosa akili, tunabisha hodi katika mlango wa sikio lako...'"

Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa wa kubisha hodi. Wa pili ulikuwa wa kukaribishwa. Wa tatu ulieleza Masele alizaliwa mwaka wa nzige, na wa nne ukaeleza nzige. Sajini alianza kuyumba juu ya debe.

Lakini ukurasa wa tano ulianza majina ya mashahidi, watu arobaini na watatu waliotia dole gumba. Mwasiti alipoyafikia, sauti yake ikabadilika. Mikono hii aliishika mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, pale dukani kwa fundi. Wengine walikuwa wanatetemeka, kwa kuwa mara ya mwisho walipotia dole kwenye karatasi ya mtu, walijikuta wamekubali kazi ya miezi sita Nyarugusu. Aliwaapia kwamba karatasi hii haiwafungi. Walimwamini kwa sababu alikuwa mwoga kama wao.

"'Mageni, mchota maji wa mgodi.'"

"Yupo!" ilijibu sauti kutoka umati.

Mwasiti aliinua macho, akashtuka. Akasoma jina lingine.

"Yupo!"

Na lingine. "Yupo!" Lingine. "Yupo, na mke wake yupo!" Mtu mmoja mmoja alikuwa anasogea mbele kila jina lake likitajwa, mpaka barabara ikawa nyembamba. Sajini aliacha kuyumba. Alikaa wima.

Sabiti alimvuta Mansukhlal mkono. "Pita pembeni! Zunguka!"

"Pembeni wapi?" Mansukhlal alimtazama kama anayemtazama mteja aliyeomba kurudisha nguo aliyokwisha ivaa. "Kulia miiba, kushoto mashimo ya wachimbaji wenu. Lori likitumbukia utalitoa wewe? Basi kwanza mwandikie Gangaben barua. Na iwe fupi kuliko hii."

Ukurasa wa saba, Mwasiti alisita. Ulikuwa ni ule ambao fundi Zamoyoni aliupenda kuliko zote, ule unaofananisha haki na suruali: ikikatwa bila kumpima mwenyewe, itambana au itamvuka mbele za wakwe. Ulikwenda hivyo mpaka kwenye vifungo. Mwasiti aliona haya. Akaugeuza kimyakimya, akaingia wa nane.

Kutoka chini ya turubai ilitoka sauti ya kugumia, ndefu, ya mtu aliyechomwa sindano.

"Masikini Masele," alisema Mbuke, akifuta machozi. "Anaumwa."

Mwasiti alisoma haraka zaidi, moyo unamwuma kwa ajili yake. Wa tisa. Wa kumi. Kivuli cha lori kilikuwa kimejificha chini ya lori lenyewe. Wa kumi na moja. "'Ni sisi, watoto wako wenye njaa ya kusikilizwa.'" Akamaliza.

Sajini aliinuka taratibu kutoka kwenye debe. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Nimejikomboa?" aliuliza.

"Umejikomboa," alisema Mwasiti. Naye akainuka, kwa sababu aliahidi. Alisogea kando. Hakuwa na kitu kingine cha kulaza barabarani.

Mansukhlal alitia gia.

Ndipo kutoka upande wa pori ikasikika trrr, trrr, trrr, na pikipiki ikatokea katika wingu la vumbi. Juu yake alikuwapo mzungu mrefu mwenye miwani ya upepo, chandarua cha kunasia mbung'o kimemning'inia begani. Bwana Shauri!

"Kuna nini hapa?" aliuliza. "Nilidhani mnada."

"Bwana!" Sabiti alikuwa wa kwanza. "Hawa wamezuia kazi ya Serikali tangu asubuhi! Wamelala barabarani! Mwulize Sajini!"

Bwana Shauri alimgeukia Sajini. "Kweli?"

Hapo, msomaji, Mwasiti aliona maisha ya Masele yakiwa yamesimama juu ya ulimi wa mtu mmoja. Sajini Abdu alimtazama Sabiti. Akamtazama beberu wake. Akamtazama Chausiku, ambaye bado hajakunjua uso. Akasimama kiaskari.

"Kulala walilala, Bwana. Lakini wale ni watani wangu. Mtani hazuii kazi, hudai haki yake. Na huyu binti alikuwa ananisomea mashtaka ya raia, nami nilikuwa nayasikiliza. Kusikiliza raia si kazi ya Serikali?"

Bwana Shauri alikuna shingo iliyoumwa na mbung'o. Alinyoosha mkono. Mwasiti akampa barua.

"Kurasa kumi na moja," alisema Bwana Shauri kwa huzuni. Alisoma wa kwanza akisimama, wa pili akiegemea pikipiki, nyingine akaziruka. Kwenye majina alisimama, akaanza kuhesabu madole, na kila alipoinua macho aliona mwenye dole amesimama mbele yake. Akatoa kalamu mfukoni. "Niliambiwa mtu huyu hana kwao. Naona kwao wamekuja wote."

Akaandika tarehe, akaandika saa, akatia sahihi.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi, nitamsikiliza. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa amesimama mbele yangu. Asipokuwapo, amri ya zamani inabaki, na barua hii ni karatasi. Mshusheni."

Vigelegele! Wanawake walirusha kanga. Mwanamke wa mkeka alimkumbatia Mansukhlal, akaomba radhi, akamkumbatia tena. "Wabeja! Asante sana! Wabeja!" Mbuke alimtupia mtu kamba ya beberu, akapanda lori kwa hatua moja, akang'oa turubai, akavuta blanketi.

Vigelegele vilikatika.

Chini ya blanketi alikuwa amekaa mwanamume mwembamba mwenye miwani, futi ya kupimia nguo shingoni. Alikuwa fundi Zamoyoni, Mwenyekiti wa Chama cha Kutetea Raia. Aliwaangalia wote, kisha akamtazama Mwasiti kwa uchungu mkubwa.

"Ukurasa wa saba," alisema. "Uliuruka."

Mwasiti alishika ubao wa lori. "Fundi! Unafanya nini humo?"

"Nimekuwa Masele tangu alfajiri," alisema Zamoyoni, akijikung'uta kwa heshima. "Nilimpelekea uji mahabusu, mlinzi akaenda kujisaidia, nikachukua blanketi lake, naye akatoka na chombo cha uji. Mimi na yeye kimo kimoja, nampimia nguo mwaka wa sita huu. Nilijua lori litaondoka kabla ya saa sita. Nikasema, wakinisafirisha mimi, Masele hajasafirishwa. Amri itakuwa imekwenda Shinyanga na Masele amebaki! Sheria ina mishono, mwanangu. Ukiijua, unaifumua."

"Lakini barua inasema Masele yupo na anasubiri kusikilizwa!"

Fundi alifungua mdomo. Akaufunga. Tangu Chama kianze, ilikuwa mara ya kwanza kukosa neno.

Bwana Shauri aliwasha pikipiki yake, uso hausomeki. "Jumatatu saa mbili," alisema. "Masele akija kwa miguu yake, nitasahau nilichokiona ndani ya lori hili. Akikamatwa akiwa mafichoni, ni mtoro, na mtoro hana barua." Akaondoka.

Sajini alimshika fundi bega. Mbuke alimshika bega la pili. Haikujulikana ni yupi angemmaliza kwanza. Mwasiti aliwapenya katikati.

"Fundi, yuko wapi?"

Zamoyoni aliangaza kulia na kushoto, akainama sikioni mwake. Fahari ikamrudia usoni kidogo kidogo.

"Mahali ambapo hakuna binadamu atakayemtafuta. Chini ya kitanda cha Sabiti."

"Cha nani?"

"Tabu, mkewe, ni mwanachama wetu wa kumi na mbili, yule tusiyemwandika. Usiogope. Sabiti huondoka asubuhi, hulia chakula mgodini, harudi nyumbani mpaka jua kuzama. Siku zote."

Mwasiti aligeuka. Pale aliposimama Sabiti hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama ya magurudumu ya baiskeli kwenye vumbi.

"Unamtaka nyapara?" aliuliza Mansukhlal, akipanguza kioo. "Kaazima baiskeli, kaenda kwake. Kasema kelele zenu zimempasua kichwa, anakwenda kujilaza kitandani."

Mwasiti, ambaye hajapata kukimbia mbele za watu tangu avunje ungo, alipandisha kanga magotini. Alipita soko, akapita kisima, akaruka mifereji ya wachekecha dhahabu, Mbuke nyuma yake na beberu nyuma ya Mbuke, mpaka nyumba ya mwisho katika safu ya manyapara ikaonekana.

Baiskeli ilikuwa imelala chini mbele ya mlango. Gurudumu la mbele lilikuwa bado linazunguka.